Shangazi Mmoja, Abiria Watatu

(Hotuba niliyoitoa Dodoma mbele ya wanafunzi wa usafirishaji na walimu wao. Waliokosa nafasi ukumbini waliomba niiweke yote, na hii hapa. Picha za ukutani nimeziacha. Hata siku yenyewe umeme ulikatika tukiwa kwenye ya tatu.)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyie wageni mliosimama kule mlangoni kwa kukosa viti. Walionizidi umri, shikamooni. Waliobaki, hamjambo?

Naanza na swali, na mikono naomba iwe juu. Mlipokwenda nyumbani likizo ya mwisho, nani alipanda chombo kimoja tu, toka mlango wa bweni hadi mlango wa mama yake? Naona mkono mmoja. Kwenu wapi? Area C, hapahapa Dodoma! (Kicheko.) Basi wewe hukusafiri, ulikwenda kula tu.

Vyombo viwili? Vitatu? Vinne? Mikono bado iko juu. Kijana kule nyuma anasema vitano. Kwenu wapi? Ukerewe. Tuhesabie. Bajaji, basi, daladala, meli, bodaboda. Ahsante.

Sasa swali la pili. Safari ya huyu kijana imeandikwa wapi? Siulizi tiketi. Tiketi zimeandikwa: ya basi iko kwenye mfumo wa basi, ya meli iko kwenye daftari la meli. Nauliza safari. Mtu mmoja, ametoka Dodoma, amefika Nansio kule Ukerewe, katumia muda gani, kalipa jumla kiasi gani, kasubiri wapi, kalala wapi. Imeandikwa wapi?

Ndilo jambo lililonileta, ndugu zangu. Tumekuwa hodari wa kuhesabu vyombo. Tunajua mabasi mangapi yana leseni, treni imebeba watu wangapi, ndege imeruka na viti vingapi vitupu. Hatuhesabu safari. Na usipohesabu safari huwezi kuona inapovunjika, kwa sababu aghalabu haivunjikii ndani ya chombo. Huvunjikia pale unapotoka kwenye chombo kimoja kwenda kingine. Pale tunaposema "nitaunganisha". Nitaunganisha Morogoro, nitaunganisha Rangi Tatu. Neno tunalo, tena zuri. Utafiti wake ndio haba.

Niwape kisa cha shangazi yangu.

Shangazi anaishi Kirongwe, kisiwani Mafia. Mwaka jana mjukuu wake aliolewa hapa Dodoma, na mimi ndiye niliyetumwa kumpangia safari. Mtaalamu wa usafiri katika ukoo, nani mwingine? Nikafungua simu, nikatazama treni za siku ile, nikachagua ya jioni, nikampigia. "Shangazi, treni yako ni Ijumaa jioni, kwa hiyo panda boti ya Ijumaa asubuhi." Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, Ijumaa hiyo mwezi utakuwa mwezi ngapi?"

Sikumwelewa. Nilidhani kachanganyikiwa, mtu mzima. Kumbe mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Boti za kutoka Kilindoni kwenda Nyamisati zinapita mikondo ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, na pale kina cha maji ni kidogo. Boti nyingi husubiri maji yajae. Na maji, nyie mliozaliwa pwani mnajua, hayafuati saa ya ukutani. Kila siku yanajaa kwa kuchelewa dakika hamsini hivi kuliko jana yake. Leo yakijaa saa mbili asubuhi, kesho ni karibu saa tatu, baada ya wiki ni karibu saa nane mchana. Bamvua, maji makubwa, na maji mafu, maji madogo: nusu mwezi inazunguka. Treni yangu ya jioni imesimama palepale, haijui mwezi wala nyota.

Maana yake nini? Mtu wa Mafia anaweza kuwahi treni ya siku ileile baadhi tu ya siku za nusu mwezi. Siku nyingine lazima alale Dar es Salaam, na akilala analipa gesti au anakwenda kumsumbua mtu Mbagala. Kujua ni siku zipi ni hesabu ya kukaa jioni moja tu. Jedwali la maji kujaa na kupwa lipo, ratiba ya treni ipo. Chukua moja, weka juu ya nyingine. Wanafunzi wa mwaka wa pili, mnanisikia? Nani kati yenu ameiweka?

Tulimpeleka Jumapili. Bodaboda kutoka Kirongwe hadi Kilindoni. Boti hadi Nyamisati. Basi la vumbi hadi Bungu, kisha lami hadi Mbagala Rangi Tatu. Daladala hadi Kariakoo, ndipo nilipompokea. Treni hadi Dodoma. Bajaji hadi kwa bi harusi. Vyombo sita. Katika takwimu za nchi, shangazi yangu ni abiria watatu: mmoja wa boti, mmoja wa basi, mmoja wa treni. Watu watatu tofauti, hawajuani. Bodaboda, daladala na bajaji hawakumwandika popote. Kwa hiyo ukisoma takwimu hizo unaona boti inafanya kazi, basi linafanya kazi, treni inafanya kazi vizuri mno. Kila chombo kimepata alama zake. Na shangazi kafika na miguu imevimba.

Kilichonifundisha zaidi ni mwendo wetu wa miguu kutoka Kariakoo hadi stesheni. Daladala ilimshusha nikasema, aa, hapa ni karibu, tutembee, nitamwonyesha mji. Shangazi ana begi la magurudumu alilonunuliwa na binti yake, na mkononi kapu la ukindu lenye samaki wakavu. Pale penye njia ya miguu, kuna meza ya matunda. Tunashuka barabarani. Bodaboda inapiga honi, tunapanda tena. Tunafika kwenye mfuniko wa mtaro, mfuniko umevunjika pembe, gurudumu la begi linaingia ndani ya ule ufa. Linakwama. Navuta, halitoki. Anakuja kijana mwenye mkokoteni, anainama, analichomoa, anapachika begi juu ya mkokoteni bila kuuliza, anasema, "Mama ashike tu kapu lake." Akatufikisha. Elfu mbili.

Yule kijana ni sehemu ya mfumo wa usafiri wa Tanzania. Tena ni yeye aliyeokoa safari nzima, maana tulibakiwa na dakika chache lango lifungwe. Hayumo kwenye mpango wowote. Tumejenga reli ya umeme ya kwenda kilomita 160 kwa saa, jambo la kujivunia, na mimi najivunia. Lakini kati ya abiria na hiyo kasi kuna mfuniko wa mtaro uliovunjika pembe. Nani anaupima ule mfuniko? Mhandisi wa reli anasema si wangu. Wa daladala anasema si wangu. Manispaa nayo ina mifuniko mingi.

Na hiyo ndiyo Dar es Salaam, mahali ambapo tumefanya vizuri! Stesheni ya reli mpya tumeiweka katikati ya mji, jirani na stesheni ya zamani. Kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani si mbali. Boti za Zanzibar ziko umbali wa kutembea, kama huna kapu. Twendeni mahali ambapo vituo havikubahatika hivyo.

Kuna mtu hapa amewahi kwenda na TAZARA hadi mwisho wa reli? Wawili. Mtanisahihisha. TAZARA ni kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na inaishia Kapiri Mposhi, Zambia. Reli ya Zambia nayo inapita Kapiri Mposhi. Upana wa njia ni uleule. Njia zimeungana, na behewa la shaba kutoka Copperbelt linapita kuja bandarini bila kushushwa. Lakini stesheni ya abiria ya TAZARA iko upande wake, na ya reli ya Zambia iko upande mwingine, kiasi cha kilomita mbili kati yake. Shaba inapita, mtu anashuka. Shaba haishiki kapu. Kwa miaka hiyo yote abiria wanabeba mizigo yao kwa kilomita mbili, au wanalipa teksi, kwenye reli zilizoungana!

Kenya nao wana yao. Treni ya Mombasa kwenda Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, ilipunguza safari kweli, hakuna anayebisha. Lakini stesheni ya Mombasa iko Miritini, bara, nje ya kisiwa, wakati ile ya zamani ilikuwa mjini kabisa. Ya Nairobi iko Syokimau, nje ya mji. Miaka ya mwanzo mtu wa Diani, kusini mwa Mombasa, alishuka Miritini, akatafuta matatu, akavuka mji, akavuka Likoni kwa feri, akapanda tena. Na hapa kwetu Dodoma? Mimi nimeshuka stesheni ya Mkonze asubuhi hii. Msicheke, tutafika.

Kwa nini stesheni zinawekwa mbali? Wahandisi watawaambia, na wana hoja: fidia ya ardhi mjini ni ghali, treni ya kasi haipendi kona kali, na inataka eneo la kupanuka. Yote kweli. Lakini fidia hiyo tuliyoikwepa haikufutika. Imehamishwa. Inalipwa na abiria, kidogo kidogo, elfu tatu ya bajaji leo, elfu tano ya usiku kesho, kwa miaka hamsini. Swali la utafiti ni hilo: tukijumlisha malipo madogo ya watu wote kwa miaka yote ya stesheni, yanazidi fidia au hayazidi? Inawezekana hayazidi. Sijawahi kuona hesabu hiyo imepigwa kabla ya kiwanja kuchaguliwa, na ningependa kuiona mara moja kabla sijastaafu.

Kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, kilichofunguliwa Februari 2021, ni mfano mwingine wa kuchunguza kwa upole. Kituo ni kikubwa, kisafi, na kile cha zamani cha Ubungo kilikuwa kimeelemewa. Lakini tazama wanachofanya abiria. Wengi bado wanapandia Shekilango na Urafiki, kwenye ofisi za mabasi. Tunaweza kuwaita wakaidi. Au tunaweza kuwauliza. Mtafiti anauliza.

Nipite haraka kwenye tiketi, maana najua mlikuja mkitarajia nizungumze saa nzima juu ya kadi na programu za simu. Kadi ya kivuko Kigamboni, tiketi ya mwendokasi, tiketi ya basi kwa mtandao, tiketi ya treni, kila moja na mlango wake. Tiketi moja ingependeza. Lakini tiketi moja juu ya ratiba zisizokutana ni kulipia mara moja ili usubiri mara nne. Tuanze na ratiba.

Na kwenye ratiba kuna nchi moja naionea wivu. Uswisi. Mwaka 1982 waliweka treni zao kwa mpigo wa saa moja: kila saa, dakika ileile, mchana kutwa. Baadaye wakaenda mbali zaidi. Wakasema treni zote zikutane kwenye stesheni kubwa karibu na saa kamili, abiria wavuke jukwaa, kisha ziondoke zote. Ili hilo liwezekane, safari kati ya Bern na Zürich ilipaswa iwe chini ya saa nzima. Haikuwa. Basi wakajenga kipande cha reli mpya, kikaanza kutumika Desemba 2004, safari ikawa dakika 56. Mnaona walivyofikiri? Hawakununua kasi kwanza halafu wakatafuta pa kuipeleka. Waliamua kwanza watu wakutane saa ngapi, ndipo wakanunua kasi ya kutosha kufika saa hiyo. Sisi tumenunua kasi. Ni sawa, tumeipata. Sasa iwahi nini?

Mtasema Uswisi ni mbali, hawana bahari. Haya, tuje nyumbani. Mwaka 1914 reli ya kati ilifika Kigoma na ikaishia kwenye maji. Ile meli tunayoiita Liemba ilifika ziwani kwa treni: ilitengenezwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikasafirishwa kwa reli kutoka Dar es Salaam na kuungwa upya kule. Na kuanzia 1948 reli, bandari, meli za maziwani na mabasi kadhaa ya barabarani ya Kenya, Uganda na Tanganyika vilikuwa chini ya shirika moja. Msinielewe vibaya, siwapambi wakoloni. Nendeni mkaone Mwafrika alikaa behewa gani. Ninachosema ni kwamba wazo la treni kujua habari za meli si geni kwetu wala halikuja na intaneti. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 tukagawana mabehewa, tukagawana meli. Ratiba je? Nani alirithi ratiba? Mtu wa historia aliyemo humu, mada ya shahada hiyo.

Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya miaka mingi ya katazo. Watu walifurahi, nami nilifurahi. Lakini basi linalofika saa tisa usiku linafika wapi? Daladala zimelala. Mwendokasi umelala. Dada aliyeshuka na mtoto mgongoni anabaki na uamuzi wa kupanda bodaboda ya mtu asiyemjua au kukaa kwenye benchi hadi alfajiri. Tulifungua mlango wa chombo kimoja, vingine vikabaki vimefungwa. Nataka utafiti wa yale mabenchi. Nani anakaa pale, kwa nini, hadi saa ngapi. Na nataka wasichana ndio waufanye, maana maswali ya wavulana nayajua.

Sasa mnyororo ukikatika. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kwetu, kikapiga Mafia. Boti zikasimama. Barabara ya kusini ikakatika eneo la Somanga, na watu wa Lindi na Mtwara wakabaki huku na huku. Tulijua kimbunga kinakuja, watu wa hali ya hewa walitangaza. Je, kulikuwa na mtu mmoja, ofisi moja, ambayo kazi yake ni kusema: abiria wa boti leo wasitoke nyumbani, wa basi waishie hapa, tiketi zao za mbele zisogezwe?

Kwa sheria, mabasi na treni ziko LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, tangu 2019. Meli na boti ziko TASAC, shirika la uwakala wa meli. Ndege ziko TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kila mmoja analinda kipande chake. Mimi mwenyewe niliwahi kutoka Unguja na boti ya kampuni ambayo sitaitaja. Ikachelewa saa mbili, nikaikosa treni. Wa boti akaniambia, "Mzee, tumekufikisha salama, tunashukuru kwa kutuchagua." Wa treni akaniambia, "Mzee, treni iliondoka kwa wakati." Wote wawili walisema kweli! Nililala gesti, mtaa wa Gerezani, kwa pesa yangu.

Na msidhani Ulaya wamelimaliza. Wana kanuni ya haki za abiria wa ndege, nyingine ya treni, nyingine ya meli, nyingine ya basi. Ya mtu aliyeunganisha vyote hawakuwa nayo. Novemba 2023 ndipo Kamisheni yao ilipopeleka pendekezo. Kwa hiyo hapa hatujachelewa sana. Mwanafunzi wa sheria aliyepotea njia akaingia ukumbi huu, karibu, una kazi.

Najua mnachowaza: mzee, pesa ya utafiti iko wapi? Niwaambie jambo lililofanyika Nairobi. Mwaka 2014 ramani ya njia za matatu ilitolewa, zaidi ya njia 130, katika mji ambao haukuwahi kuwa na ramani kamili ya matatu. Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwamo pamoja na vyuo vya Marekani. Walioifanya kazi ya kupanda na kushuka walikuwa wanafunzi, simu mkononi, wanaandika kila kituo. Matatu zilikuwa zikienda miaka yote. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa ndani na kuandika.

Kampuni za simu zina zaidi ya hapo. Minara inajua nani alilala Morogoro akaamkia Dodoma. Data hiyo ingetupa safari nzima, mlango kwa mlango. Lakini ni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Sitaki mtafiti anayejua shangazi yangu alilala wapi. Nataka anayejua kwamba watu mia walilazimika kulala. Namna ya kupata la pili bila kugusa la kwanza, hiyo nayo ni kazi ya utafiti, na watu wa kompyuta nawaona mmejikunyata kule pembeni.

Wakati mnasubiri data ya minara, wapo watu wanaojua tayari. Bodaboda wa Mkonze anajua treni ya leo imechelewa kabla bango halijabadilika. Mama wa chai Nyamisati anajua basi gani litaisubiri boti na lipi litaondoka na viti vitupu. Muulizeni. Mnunulie chai kwanza.

Kwa hiyo haya ndiyo niliyomwomba mwalimu wenu, naye amekubali mbele yangu. Watu kumi na wawili, jozi sita. Kila jozi imfuate abiria mmoja, kwa ridhaa yake, toka kwake hadi anakokwenda. Daftari, saa, na nauli yake mwandike hadi ya choo. Jozi moja lazima ipande boti ya Mafia, na lazima iende mara mbili: siku ya bamvua na siku ya maji mafu. Majina yaandikwe kwa katibu kabla hamjatoka.

Nami naishia hapa, si kwamba nimemaliza. Treni yangu inaondoka saa kumi na moja, saa hizi ni tisa na nusu, na aliyenileta asubuhi hapokei simu. Nani ana gari na anaelekea Mkonze?